Udongo Uliofaulu

Jumatatu, 3 Juni

Baba mkwe amekuja shambani. Bila taarifa! Alisimama juu ya tuta linaloligawa shamba lake katikati, upande huu wangu, upande ule wa mwanyumba wangu, yaani mume wa dada wa mke wangu. Mwanyumba alikuwa amevaa buti safi. Mimi nilikuwa na kandambili, na moja imekatika kamba.

Shamba lenyewe halijibu. Misimu mitatu sasa. Mvua ikinyesha, maji yanasimama mpaka bata wa majirani wanahamia. Jua likiwaka, udongo unakuwa mgumu kama sakafu na kutoa ukoko mweupe juu. Mahindi yanafika magotini, yanageuka njano, yanakata tamaa. Kwa mwanyumba ni vivyo hivyo, namshukuru Mungu.

Baba mkwe alisema amechoka kutazama. Atakayelifanya shamba litoe kitu cha maana ndiye ataachiwa lote, pande zote mbili. Mwenzake atafute pengine. Alisema hivyo huku akiniangalia mimi. Mwanyumba akawahi kuitikia, ndiyo baba, kabla sijafungua mdomo. Kimbelembele!

Jioni mke wangu aliacha chakula kwenye sahani. Alisema tukilikosa shamba tutabaki na bustani yake ya nyuma ya jiko, na bustani haiwezi kulisha watoto mwaka mzima. Nikamwambia aondoe wasiwasi, nina mpango. Bado sina, lakini utakuja.

Jumanne, 4 Juni

Mkutano kwenye ghala la chama cha wakulima. Aliyezungumza ni bibi shamba, afisa wetu mpya wa kilimo. Msichana mdogo, sauti kubwa. Alieleza kinachoisumbua ardhi yetu. Ni magadi. Yamezidi, yanauyeyusha udongo ukilowa hadi unaziba vitundu vyake vyote, na maji yanakosa pa kupita. Dawa yake ni jasi, jiwe jeupe linalosagwa likawa unga. Jasi ikiingia, magadi yanalegea na kuondoka na maji.

Malori hayawezi kuingia na huo unga mashambani kwetu, yatazama. Kwa hiyo chama kimekodi ndege. Ndege! Itapita juu na kuumwaga. Mwenye shamba ataweka vitambaa vyeupe kwenye miti ya kusimika pembe nne za shamba lake, rubani avione.

Tatizo, jasi haitoshi watu wote. Keshokutwa kila mtu alete kopo la udongo wa shambani kwake. Bibi shamba ataupima, kisha atachagua.

Hapo nikainuka nikatoka. Wengine wakabaki kuuliza atapimaje, atachaguaje. Maswali ya watu wazito. Kupimwa ni mtihani, na kwenye mtihani anachaguliwa aliyefanya vizuri. Nilipogeuka mlangoni nikamwona mwanyumba amenyoosha mkono, naye anataka kuuliza. Maskini.

Mpango umekuja.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kuutazama udongo wangu kwa jicho la mtahini. Aibu! Wa kijivu, una mabaka, na ukiupiga jembe unalia. Udongo kama huu hauwezi kupandishwa ndege.

Nikarudi nyumbani nikazunguka nyuma ya jiko. Mke wangu ameilea ile bustani tangu tulipohamia. Samadi, majani makavu, maganda ya kila kitu. Udongo wake ni mweusi, unamumunyika mkononi, unanukia vizuri. Nikachota katikati ya mstari wa bilinganya. Nikauchekecha na chekeche ya unga. Nikatoa mawe. Nikatoa nyungunyungu wote, kisha nikamrudisha mmoja, mnene, kwa ajili ya kupendezesha.

Mke wangu aliuliza nani amechimba bilinganya zake. Nikasema kuku. Akauliza kuku gani anatumia koleo. Nikajitia sijasikia.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya ushindi!

Nilikutana na mwanyumba njiani. Kopo lake lina bonge moja la udongo, gumu, la kijivu, na juu limetoa ukungu wa chumvi. Hakulipangusa hata kidogo. Nilimhurumia. Nikamshauri angalau alisugue kwa kitambaa. Akajibu kwamba bibi shamba alitaka udongo uje kama ulivyo. Nikajibana nisicheke.

Ghalani palikuwa na meza ndefu na glasi za maji ya mvua. Kila mtu bonge lake linatumbukizwa kwenye glasi na watu wanasubiri. La mwanyumba lilianza kuyeyuka papo hapo. Maji yakachafuka, yakawa kama chai ya maziwa. Alisimama pale mbele ya watu, mikono nyuma, anatazama aibu yake.

Langu, nililolifinyanga asubuhi, likazama, likatulia chini kama bwana harusi. Maji maangavu. Ungeweza kuyanywa. Watu walisogea kutazama. Bibi shamba aliinua glasi juu kwenye mwanga wa dirisha, akasema hajawahi kuona udongo mzuri hivi tangu ahamie hapa. Akanipa mkono! Akaniuliza nimefanyaje. Nikasema ni subira, jasho, na kuupenda udongo. Nikaongeza kidogo kuhusu nyungunyungu.

Mwanyumba naye alikuja kunipongeza. Nilimpigapiga begani na kumwambia asife moyo.

Ijumaa, 7 Juni

Majina ya waliochaguliwa yametangazwa kwa kipaza sauti. La mwanyumba lipo, langu halipo.

Nilifikiri kipaza sauti ni kibovu. Nikaenda ghalani mbio. Bibi shamba alinipokea kwa furaha, akanivutia kiti. Nikamuuliza vipi wamechaguliwa walioshindwa na kuachwa aliyefaulu. Alinitazama kama ninayemtania.

“Mzee wangu, wewe udongo wako hauumwi,” alisema. “Nikupe dawa ya nini?”

Nikamwuliza kama udongo mzima hauwezi kupewa kidogo tu, kwa kinga. Akacheka. Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli. Nilikuwa na neno mdomoni kabisa. Lakini akaendelea. Alisema Jumatatu wanachama wote watakuja kwenye shamba la mwanyumba kuangalia ndege ikimwaga, na wakishamaliza atawavusha tuta waone upande wangu, uwe shamba la mfano. Ameshamwambia mwenyekiti wa chama. Mwenyekiti ameshamwambia baba mkwe.

Nikameza lile neno.

Nilipofika nyumbani baba mkwe alikuwa amekaa sebuleni. Hajawahi kukaa sebuleni kwangu. Alisema kumbe alikuwa ananidharau bure. Mke wangu alisimama mlangoni ananitazama, kisha akatazama upande wa bustani, kisha akanitazama tena.  Baba yake alipoondoka, akaniuliza kama nimepeleka udongo wa bilinganya. Nikamwambia udongo ni udongo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefikiri siku nzima. Ndege inatafuta vitambaa vyeupe. Rubani hajui nani amefaulu na nani amefeli. Vitambaa vyangu vikiwepo, atamwaga kwangu. Shamba langu litafunikwa na unga mweupe, wageni wataona weupe mtupu, hakuna atakayeuona udongo. Nitapata dawa na sifa kwa pamoja. Najishangaa mwenyewe!

Kazi ni kupata vitambaa. Mwanyumba amenunua vyake dukani, vipya, na ameshavifunga. Mimi nikafungua sanduku la mke wangu. Kuna mashuka manne meupe, ya harusi yetu, yanayotandikwa akija mgeni wa heshima. Hatujapata mgeni wa heshima muda mrefu. Hatayakumbuka.

Jumapili, 9 Juni

Niliwahi shambani watu walipokwenda ibadani. Jana jioni ilinyesha, na udongo wangu ulikuwa umejaa maji kama beseni. Mti wa kwanza ulisimama vizuri. Kwenye wa pili nikazama hadi magotini. Nilipovuta mguu, ulitoka bila kandambili. Nilipovuta wa pili, nikakaa.

Upepo nao! Shuka moja lilichomoka, likaruka, likatua kwenye tope. Nikalifuata na mengine matatu mikononi. Ni kosa, nakiri, ningeyaweka chini kwanza. Lakini chini wapi? Tulipotoka shambani, mimi na mashuka tulikuwa rangi moja.

Mke wangu alikuwa bado hajarudi. Nikayafua mwenyewe. Sabuni ya kipande imekwisha yote. Kamba ya kuanikia inazunguka bustani yake pande zote nne, nikaanika shuka moja kila upande ili yasigusane. Yalitakata kuliko yalivyokuwa. Alipofika, nilimwambia nimeamua kumsaidia kazi za nyumbani. Akasema asante. Nikajisikia vibaya kidogo.

Mashuka hayajakauka. Nitayachukua kesho asubuhi na kuyapeleka shambani. Ndege haitakuja kabla ya saa nne, nina hakika. Watu wakubwa hawaamki mapema.

Jumatatu, 10 Juni

Rubani huamka mapema. Kumbe anataka kumwaga kabla upepo haujaanza. Hakuna aliyeniambia. Labda lilisemwa kwenye mkutano baada ya mimi kutoka.

Nilikuwa nakunywa chai niliposikia mngurumo. Nikatoka mbio. Shambani watu walishajaa juu ya tuta, baba mkwe amevaa koti, mwanyumba na buti zake. Ndege ndogo ya njano ilishuka chini kabisa, ikapita juu ya upande wa mwanyumba na kuachia mkia mrefu mweupe. Ikageuka, ikarudi, ikaachia tena. Watu wakapiga makofi. Nikakumbuka mashuka.

Nyumba yangu iko pembeni mwa shamba, karibu tu. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote. Nilifika bustanini, nikashika shuka la kwanza, nikasikia mngurumo nyuma yangu. Nikainua kichwa.

Baadaye rubani alimweleza bibi shamba kwamba jasi ilikuwa imembakia kidogo. Aliona kipande kidogo cha ardhi nzuri kilichowekewa vitambaa vyeupe pande zote, tena vikubwa kuliko vya wengine. Akadhani ni shamba la majaribio la chama.

Unga ulishuka taratibu. Uliingia puani, masikioni, kwenye chai. Paa likawa jeupe, jiko jeupe, bilinganya nyeupe, nyanya nyeupe. Kuku walitawanyika, kila mmoja kwa njia yake, weupe. Mke wangu alitoka mlangoni na sufuria mkononi. Alitazama bustani yake. Alitazama kamba. Kisha akanitazama mimi, nimesimama katikati na shuka kifuani.

“Hayo mashuka ni ya wageni,” alisema. Akarudi ndani.

Wageni walikuwa wanakuja. Bibi shamba alishawavusha tuta. Niliwakuta upande wangu wamesimama kwenye maji. Alichoma kijiti kwenye sehemu iliyokauka, kikavunjika. Alichukua kijiti kingine, kikavunjika. Akaokota bonge, akalitia kwenye chupa yake ya maji ya mvua, na wote tukaangalia maji yakigeuka chai ya maziwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama hili ni shamba lile lile. Nikamwambia udongo una tabia ya kubadilika ukitazamwa na watu wengi.

Hakuna aliyecheka isipokuwa mwenyekiti. Baba mkwe aliomba kiti. Hakikuwepo, akaondoka.

Jumatano, 12 Juni

Mvua kubwa. Nilikwenda kuchungulia. Upande wa mwanyumba maji yalikuwa yanazama polepole, na mengine yanatoka kupitia mifereji aliyoichimba wiki nzima. Kufika alasiri palikuwa na tope la kawaida tu. Bibi shamba alikuwepo, akasema ni mwanzo, kazi yenyewe ni ya misimu kadhaa. Mwanyumba alimsikiliza kichwa chini, kama kawaida yake. Upande wangu bata wamerudi. Wamekuja na wenzao.

Bustani imeoshwa na mvua, mimea haikudhurika. Nilimwambia mke wangu kwamba ukitazama vizuri, yeye ndiye mwanamke wa kwanza hapa kuwekewa dawa ya bustani na ndege. Hajanijibu tangu Jumatatu. Anazungumza nami kupitia watoto.

Ijumaa, 14 Juni

Baba mkwe ametoa uamuzi. Shamba lote linakwenda kwa mwanyumba.

Nilikaa jikoni. Nilijaribu kufikiria mpango, hakuna kilichokuja. Mke wangu alivaa kitenge chake kizuri, akaenda kwa baba yake peke yake. Alikaa kule muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akakaa mbele yangu na kuzungumza nami moja kwa moja, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Alisema baba yake amekubali kutupa nafasi moja ya mwisho. Ndege itarudi mwishoni mwa mwezi kwa waliobaki. Bibi shamba atapima tena kuanzia Jumatatu ya tarehe ishirini na nne. Tukipata jasi safari hii, upande wetu tunabaki nao. Tukiikosa, basi, na yeye mwenyewe hataomba tena.

“Baba watoto, mimi nimechoka,” alisema. “Kila dada akiniuliza mmevuna nini, nacheka. Sina kicheko kingine.”

 Nilimshika mkono. Nikamwahidi safari hii sitabuni kitu chochote, nitafanya anavyotaka. Nilisema kutoka moyoni. Hata yeye aliona, maana hakuuondoa mkono.

Jumapili, 23 Juni

Mke wangu amechota udongo mwenyewe, katikati ya upande wetu, mahali pabaya kuliko pote. Bonge moja kubwa, lina ukoko. Amelitia kwenye kopo, akafunga kifuniko, akazungushia kitambaa na kukaza fundo. Kesho yeye anampeleka mtoto kliniki, mimi nitabeba kopo. Amenielekeza hivi: toka nyumbani, nenda ghalani, mpe bibi shamba, rudi. Usifungue.

Nimerudia mbele yake, neno kwa neno. Amecheka kidogo. Nyumba imekuwa nyepesi leo. Ameyatoa mashuka sandukuni, ameyapiga pasi na kuyaweka tayari kwa pembe nne za shamba.

Jumatatu, 24 Juni

Nilitoka mapema. Kopo chini ya kwapa, sina hila yoyote. Nilipita njia ya juu ya tuta kwa sababu ndiyo kavu.

Nilifungua kidogo tu, kuhakikisha halijavunjika. Lilikuwa baya vile vile. Nikawaza, nitaliweka hili mezani mbele ya watu wote walioiona ile glasi yangu ya kwanza? Nikawaza tena, kwa utulivu, bila haraka. Safari ile kosa langu lilikuwa wapi? Nilipeleka udongo wa bustani. Bustani si shamba, kila mtu anajua. Nilikosea aina. Udongo uliochaguliwa ulikuwa wa mwanyumba. Huo ndio bibi shamba anaoupenda. Na wa mwanyumba uko wapi? Hatua chache tu, ng'ambo ya tuta.

Sikubuni chochote. Nilifuata mfano wa aliyefanikiwa, na huo si ujanja, ni unyenyekevu. Nikavuka, nikachota bonge zuri la kwake. Limelainika siku hizi, lina vipunje vyeupe vyeupe ndani, linapendeza. La kwetu nikawaachia bata. Nikafunga kitambaa na fundo lile lile.

Ghalani bibi shamba alinipokea kwa baridi kidogo. Aliniuliza mara mbili kama udongo huu unatoka kweli kwenye lile shamba. Nikaapa, na kiapo kilikuwa halali, shamba la baba mkwe ni moja. Akalitumbukiza. Tukasubiri. Watu wakasogea.

Maji hayakuchafuka! Maangavu, ungeweza kuyanywa. Alikaa akiyatazama, akaizungusha glasi, akasema labda upepo uliniletea jasi ya jirani siku ile, hana maelezo mengine. Lakini udongo umepona, na yeye hawezi kubishana na glasi. Akaandika. Akanipa mkono.

Mwanyumba hakuwepo kushuhudia, bahati mbaya.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, ananingoja. Aliuliza kwa macho. Nikamwambia nimefaulu tena. Alikaa chini pale pale kizingitini, akafunika uso kwa mikono, akasema ashukuriwe Mungu. Kisha akaingia ndani kuchukua mashuka.